Mpima Hupima Alichoonyeshwa

(Maneno haya yalisemwa na Kamati ya Ushirika mbele ya mkutano wa wanachama, chini ya mwembe wa ghala. Tumeyaandika hapa ubaoni kwa ajili ya ndugu waliokuwa shambani, wagonjwa, na wale waliokaa nyuma wasisikie kwa sababu ya kelele za mashine ya kusaga. Anayejua kusoma amsomee mwenzake.)



Tunajua kwamba wengi mmekuja kusikia habari za malipo ya korosho. Hizo mtazisikia kwa mweka hazina, yupo, hajakimbia. (Kicheko.) Sisi wa kamati tumeomba nafasi kabla yake kwa jambo ambalo halina fedha leo, lakini likiharibika litatugharimu kuliko bei mbaya ya misimu mitatu.

Barua ya halmashauri ya wilaya mmeiona, imebandikwa kwenye mlango wa ofisi. Inasema wapima ardhi watafika kijijini mwezi ujao. Kwanza watahakiki mpaka wa kijiji. Baadaye utafanywa mpango wa matumizi ya ardhi, kwamba hapa ni makazi, hapa mashamba, hapa msitu wa kijiji, hapa malisho. Mwisho yatapimwa mashamba ya mtu mmoja mmoja kwa ajili ya hati za hakimiliki za kimila.

Tangu barua ibandikwe maneno yamekuwa mengi. Wako wanaosema eti tunapimwa ili tutozwe kodi. Barua yenyewe haina neno la kodi. Anayeogopa amwulize Afisa Ardhi mbele ya mkutano, na jibu lake liandikwe kwenye muhtasari. Wako wanaosema ardhi inatayarishwa kwa ajili ya wageni. Hao nao waulize hivyo hivyo, hadharani. Lakini liko neno la tatu tulilolisikia kilabuni, kisimani na hata msikitini: “Wale ni wataalamu, wakija watajua wenyewe.” Ndugu, hilo ndilo lililotutisha.

Mtaalamu hajui. Anajua kupima. Akisimama mahali na vifaa vyake anaweza kukuambia yuko wapi katika dunia nzima. Lakini hawezi kujua kwamba ule msufi ulipandwa kuwa alama kati ya koo mbili, wala kwamba kijito kile kilihama baada ya mvua kubwa kikaacha mpaka mahali pake. Hayo anaonyeshwa. Ukimwonyesha uongo ataupima uongo vizuri kabisa, tena kwa sentimita. (Kicheko.) Mnacheka, lakini yalikwisha kutupata.

Hebu tukumbushane. Mwaka 2009 wapima walikuja hapa kupima mpaka wa kijiji. Ilikuwa Novemba, korosho zinaanguka, kila kaya iko shambani inaokota. Mkutano uliitishwa, wakaja watu wasiojaa hata mikeka miwili. Tukatoa vijana wanne wawaongoze wapima. Vijana wale walikuwa wazuri, wana nguvu, lakini wote walizaliwa hapa barabarani baada ya Operesheni. Mahame waliyasikia kwenye hadithi tu. Walipofika upande wa kaskazini, penye lile bonde, nyasi zimefunga, jua la saa saba linachoma, mmoja wao akanyoosha mkono: mpaka unakwenda moja kwa moja mpaka kwenye ule mbuyu. Mpima akauliza mara mbili, moja kwa moja? Wakaitikia, moja kwa moja. Akaandika.

Wazee mlioko hapa mnajua kwamba mpaka ule hauendi moja kwa moja. Unafuata kijito, unapinda kuzunguka kisima cha bondeni, unapanda kwa nyuma ya mahame, ndipo unarudi kwenye mbuyu. Mstari ulionyooka ulikiacha nje kisima ambacho mama zetu wanachota kila kiangazi, na ukaiacha nje mikorosho ya kaya 11. Kaya hizo zinajijua.

Halafu ramani ikaletwa. Ilifunguliwa juu ya meza kwa muda kama wa robo saa. Baadhi yetu tunaosimama mbele yenu leo tulikuwa wajumbe wa halmashauri ya kijiji wakati ule, na tulinyoosha mikono. Mwenyekiti akatia saini, mhuri ukagongwa, soda zikanywewa. Nani kati yetu aliuliza, kisima kiko wapi kwenye karatasi hii? Hakuna hata mmoja. Kwa hiyo hatutasimama hapa kuwalaumu wapima. Wao walipima walichoonyeshwa. Uzembe ulikuwa wetu, na sisi wa kamati tunausema kwa midomo yetu wenyewe.

Mtu atauliza: mbona miaka yote hii hatukuumia? Hatukuumia kwa sababu sisi na wenzetu wa kijiji jirani tuliendelea kuishi kwa mazoea. Mama aliteka maji, mzee aliokota korosho zake, karatasi ikalala kwenye kabati la ofisi. Sasa inaamka. Hati ya hakimiliki ya kimila hutolewa na halmashauri ya kijiji kwa ardhi iliyomo ndani ya kijiji hicho. Shamba lako likisomeka kwenye ramani kwamba liko kwa jirani, halmashauri yetu haina kalamu ya kukuandikia. Utakwenda kuomba kule, ambako huna jina. Na kisima kitapangiwa matumizi na mkutano ambao sisi hatumo.

Wasiojua mahame ni nini tuwaeleze kidogo, maana vijana wengi wanadhani ni pori tu. Kabla ya Operesheni Vijiji wazazi wetu walikaa kila mtu kwenye mikorosho yake. Huku kusini watu walianza kukusanywa mapema, kwa kuwa vita vya Msumbiji vilikuwa mlangoni. Baadaye nchi nzima ikafuata, na mwaka 1975 ikatoka Sheria Na. 21 ya kuandikisha vijiji. Tulisogea barabarani, tukapata shule na zahanati. Hatubezi. Lakini mkorosho hauna miguu, ulibaki kule kule, na kwenda kuupalilia ikawa mwendo wa saa mbili kwa mguu. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani zipatazo 145,000. Kufika msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Ubwiri unga ulichangia, bei mbaya ilichangia, na ule umbali nao ulichangia. Kaya hizi 11 ni katika wale wachache ambao hawakuiacha miti yao hata mwaka mmoja. Walikwenda na kurudi. Wengine walilala kule kwenye vibanda mpaka korosho zinakwisha. Na hao ndio tuliowatupa nje kwa kunyoosha mkono mchana wa jua kali.

Sasa sikilizeni jambo la sheria, tutalisema polepole. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasema kwamba ardhi waliyogawiwa watu vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977 imethibitishwa kuwa ugawaji halali, na haki za mwenye zamani juu ya ardhi ile ile zimekoma. Kwa lugha yetu ya nyumbani ni hivi: kama shamba la babu yako alipewa mtu mwingine wakati wa Operesheni, usiende leo na panga kumtoa, huna njia. Lakini kama mahame yenu hayakugawiwa mtu, nanyi mkaendelea kuyatunza, hayo ni mambo mengine. Kwa hiyo kila mwenye shamba la mahame aje kwa karani aseme mambo mawili: je, shamba lile liligawiwa mtu katika miaka ile, na tangu hapo nani amekuwa akiokota. Aseme kweli. Mashahidi wapo hai.

Tuje kwenye vipimo vyenyewe, maana hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa bila mtu kuibiwa kitu.

Sisi eka tunaipima kwa hatua 70 kwa 70. Nani alituletea? Hesabu ile inakaa sawa kama hatua yako ni yadi moja, yaani futi tatu. Yadi 70 ni mita 64, na 64 mara 64 ni mita za mraba 4,096. Eka halisi ni kama 4,047. Wahenga hawakukosea sana. Lakini hatua ya nani? Yule ndugu yetu mrefu, tunaona vichwa vinageuka, hatua yake ni mita nzima. (Kicheko.) Eka yake moja ni eka moja na zaidi ya robo ya nusu, tuseme tano zake ni sita. Mama mfupi mwenye hatua ya sentimita 75, eka yake haifiki hata robo tatu. Wote wawili wameandikwa kwenye daftari la ushirika kwamba wana eka tano tano, na salfa wanapewa sawa. Kwa hiyo vipimo vya kweli vikija, daftari letu litacheka. Msije mkasema mpima amemega shamba la mama. Shamba halikusogea, hatua ndizo zilizotofautiana.

Jambo jingine: karatasi ya mpima haisemi eka, inasema hekta. Hekta moja ni eka mbili na karibu nusu, kwa hesabu kamili 2.47. Kwenye kijiji kimoja tulikokwenda kujifunza, mzee alikataa kutia saini, akalia kabisa, kwamba alikuwa na eka tano na karatasi inasema mbili. Ilikuwa hekta 2.02, yaani ni zile zile tano zake. Na wale wenye mashamba ya kwenye mteremko wajue pia kwamba mpima hahesabu urefu wa kupanda na kushuka. Anahesabu kana kwamba ardhi ni meza. Mteremko ukiwa mkali, karatasi itaonyesha shamba dogo kuliko kamba yako ilivyosema ulipoilaza juu ya udongo. Ni sawasawa, ndivyo ramani zote zinavyofanywa.

Sasa habari ya simu. Kijana mmoja wetu, hatumtaji, yupo hapa na ameinamisha kichwa, alikwenda mwezi uliopita kufukua kwenye faili la ofisi karatasi ya zamani yenye namba za kona ya mbuyu. Namba zile zilisomwa kutoka kwenye ramani ya serikali, ile ya kipimo cha 1 kwa 50,000. Akaziingiza kwenye simu yake, akatembea mpaka simu ikamwambia, umefika. Akatazama: yuko katikati ya ufuta wa kijiji jirani, kama mita 300 ng'ambo ya mbuyu. Akarudi mbio, tumeibiwa, tumeibiwa! Jioni ile kuna watu walikuwa wananoa mapanga, na si kwa ajili ya kufyeka.

Tulimpata mpima wa wilaya kwa simu, akatufundisha. Ramani zile za zamani za Afrika Mashariki zimehesabiwa kwa mfumo unaoitwa Arc 1960. Simu na setilaiti zinahesabu kwa mfumo mwingine, jina lake WGS 84. Kila mfumo una umbo lake la dunia na mahali pake pa kuanzia hesabu. Namba za mfumo mmoja ukizisoma kwa mfumo wa pili, kwetu huku zinakupoteza kwa karibu mita 300. Ni kama saa. Mtu akikuandikia “njoo saa 2 mchana” kwa saa ya Kizungu, nawe ukaisoma kwa saa yetu, utafika asubuhi na kukuta mlango umefungwa. Hakuna aliyesema uongo, na namba ni ile ile. Kwa hiyo kila mtu anayeleta namba za mpaka, swali letu la kwanza kwake liwe: ni namba za mfumo gani? Asipojua, namba hizo ziwekwe kando, na mapanga yarudi nyumbani.

Kwenye ramani ile ile ya 1 kwa 50,000, milimita moja ni mita 50 ardhini. Aliyechora mpaka kwa penseli nene, mstari wenyewe tu umefunika mita 25. Huwezi kugombania upana wa mkorosho mmoja kwa kutazama mstari kama huo. Na simu yenyewe, hata ikiwa katika mfumo wake, hukosea mita kadhaa. Chini ya mwembe au mikorosho mikubwa hukosea zaidi, kwa sababu majani yanayazuia mawimbi ya setilaiti. Vifaa vya mpima ni vingine. Vinafanya kazi viwili viwili, kimoja kimesimama mahali panapojulikana na kingine kinatembea, navyo hufika kwenye sentimita. Kwa hiyo msishangae mtakapomwona amesimika chombo juu ya miguu mitatu akakaa kivulini muda mrefu. Halali. Kile chombo kinafanya kazi.

Na bikoni, jamani. Bikoni ni ile nguzo fupi ya saruji yenye chuma na namba, inayowekwa kwenye kona. Sheria inakataza kuing'oa. Ile ya kona ya mashariki ya mwaka 2009 tuliitafuta siku mbili. Tumeikuta jikoni kwa mtu, imekuwa figa la tatu. (Kicheko kirefu.) Mwenyewe amesamehewa, alidhani ni jiwe la wajenzi wa barabara. Bahati ni kwamba mahali pake pameandikwa kwa namba kwenye ramani na mpima anaweza kupapata tena. Lakini atapoteza siku, na siku za mpima zinalipwa kwa fedha za umma. Kazi hii imeagizwa na halmashauri ya wilaya na ndiyo inayomlipa. Mtu akikuambia toa chochote pembeni ili shamba lako litangulie, mlete ofisini. Ada iliyo halali ina stakabadhi.

Tumefika kwenye neno gumu, na kamati ilibishana usiku kucha juu yake.

Tulipoitazama upya ramani ya 2009 tuliona tumepoteza bonde. Lakini tuliona na jambo jingine. Kutoka kwenye mbuyu kwenda barabara kuu, mstari umeingia upande wa wenzetu. Umechukua kipande chenye mashamba ya familia tatu za kijiji jirani, na moja ni ya mjane mwenye watoto wadogo. Yaani upande mmoja tumenyang'anywa, na upande wa pili tumenyang'anya, kwa karatasi ile ile, siku ile ile, kwa kunyoosha mkono kule kule.

(Hapa mwanachama mmoja alisimama akasema: “Ndugu wanakamati, hilo la pili si tulinyamazie? Wao hawajaliona. Tudai letu, lao walidai wenyewe.”)

Asante ndugu. Hata ndani ya kamati lilisemwa, na aliyelisema si mtu mbaya. Tutakujibu hivi. Mpaka wa vijiji viwili hausahihishwi na kijiji kimoja. Sheria inataka vijiji vikubaliane, na vikishindwa ndipo huletwa msuluhishi. Sasa sisi tutakwenda kuwaambia jirani, njooni tutembee mpaka wote, tupindishe mstari pale bondeni. Watakuja na wazee wao. Wazee wao hawatasimama kwenye mbuyu kama ng'ombe waliofungwa, watatembea mpaka barabarani, na wataliona. Wakiliona wenyewe baada ya sisi kunyamaza, nani atatuamini habari ya kisima? Tutakuwa tumeuza kisima kwa mashamba matatu yasiyo yetu. Na tuseme hawakuliona. Yule mjane ataomba hati kwao, ataambiwa shamba lako liko kijiji kile. Atakuja hapa ofisini kwetu. Nani kati yetu atakayekaa nyuma ya meza ile amwambie hatumjui?

(Mwanachama yule alikaa. Baadaye alisema, “Sawa, lakini waanze wao kutia saini bondeni.” Mkutano ulicheka, na jambo hilo limeandikwa.)

Juma lililopita wajumbe wetu wawili walikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji jirani na kumweleza yote mawili, la kwetu na la kwao. Alikaa kimya, kisha akamwita mama mzee mmoja, akamwuliza kisima cha bondeni ni cha nani. Yule mama akasema: kisima ni cha kwao, lakini ndoo zetu zilikuwa zinapita, na ziendelee kupita. Wajumbe wakakubali hapo hapo. Kwa hiyo katika makubaliano kutaandikwa kwamba maji ni ya kuchota vijiji vyote viwili. Tunaona ni haki. Anayepinga aseme leo, si kesho kisimani.

Hali kadhalika akina mama wa hapa. Sheria ile ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Kamati ya uhakiki itakayosikiliza nani ana haki gani kwenye shamba gani haizidi wajumbe tisa, na wanne kati yao lazima wawe wanawake. Mpaka sasa tumeletewa majina saba, mwanamke mmoja tu. Haitakubaliwa, na isikubaliwe.

(Mama mmoja aliuliza: “Mume wangu yuko Dar es Salaam mwaka wa nne, haleti hata barua. Shamba langu ataonyesha nani?”)

Utaonyesha wewe mama, na jirani zako wa pande zote nne watasimama pamoja nawe. Unayelilima ndiye unayejua kona zake. Kama mlilipata pamoja, majina yaandikwe mawili, la kwako likiwamo. Usikubali shemeji aje kuandikisha peke yake eti kwa niaba ya ukoo. Kila mume aliyepo hapa naye afikirie, hati itakapoandikwa jina moja tu, atakayebaki nayo siku atakapokufa ni nani.

Ndugu zetu wafugaji waliohamia huku kusini baada ya kuondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007 tumewaalika pia. Najua kuna minong'ono. Lakini njia ya mifugo isipochorwa kwenye mpango, itapita kwenye ufuta. Waje waonyeshe wanapita wapi, nasi tuseme wapi hapapitiki.

Wapima wakimaliza, tusirudie ya 2009. Ramani itabandikwa hapa ghalani kwa siku kadhaa kabla ya mkutano mkuu wa kijiji kuijadili, na kila mtu aitafutie vitu vyake: kisima, mbuyu, shule, mahame yenu, jirani yako. Mwombe kijana akuonyeshe kwa kidole. Usichokiona, sema. Tutadai nakala ibaki kijijini pamoja na orodha ya namba za kila kona, na jina la mfumo wa namba hizo liandikwe juu. Ramani ya upimaji inakwenda kuidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani, na ikishaidhinishwa, kuibadili ni safari ya ofisi nyingi. Kosa la bondeni tungeweza kulirekebisha mwaka 2009 kwa mzee mmoja kutembea nusu saa.

Basi mipango ni hii. Jumamosi ijayo, saa 12 asubuhi, tunakutana hapa ghalani. Kila kitongoji kilete wazee wawili, mwanamume na mwanamke, wanaoyajua mahame. Wenzetu watatusubiri kwenye mbuyu saa 2, saa yetu hiyo, si ya simu. (Kicheko.) Njooni na mapanga ya kufyeka, maji na chakula cha mchana. Vijana wanne wa mwaka 2009 waje wote, tena wawe mbele, wajifunze njia. Mzee asiyeweza kutembea achukuliwe kwa pikipiki mpaka mwisho wa njia, abebwe mpaka kwenye kona anayoijua, aonyeshe, arudishwe nyumbani. Mafuta atalipa ushirika. Chokaa ya kutia alama kwenye miti imeshanunuliwa, iko kwa karani. Daftari la alama za mpaka na mashamba ya mahame nalo liko kwake, litafungwa Ijumaa jioni.

Sasa tunamwita mweka hazina.